Rundo la Saba Lilikuwa Likikua

Katika miaka yote niliyofanya kazi ya akiolojia nimedanganya kipimo mara moja tu, na mpaka leo sijatubu. Nawaambia mapema, wanangu, kwa sababu ninyi mnaoanza masomo ya uzamili mtaambiwa na kila mtu kwamba kipimo hakichezewi. Ni kweli. Mimi mwenyewe nimewahi kumgombeza mtu mpaka akatokwa na machozi kwa ajili ya sentimita mbili. Lakini ngojeni kwanza niwasimulie habari ya rundo la saba, halafu mnihukumu mnavyotaka.

Naitwa Mwende. Kwetu ni Kitui, lakini nilitumwa Garissa nikiwa afisa wa urithi wa utamaduni na sikurudi tena. Nimestaafu, nakaa hapa Iftin, chumba na sebule, nyuma ya duka la maziwa ya ngamia. Majirani ni watu wema. Asubuhi tunasalimiana, Ramadhani wananiletea sambusa, kisha kila mtu anaingia kwake na mimi nabaki na redio. Mume wangu alikuwa Kitui, na kwa miaka mingi tulikuwa watu wa kupigiana simu za Krismasi. Sasa hata hizo hakuna. Mkisikia naongea sana, mnivumilie, maana kuna siku naanza kuongea saa nne asubuhi, na wa kwanza kunisikia ni muuza maziwa.

Nilirudi chuoni kusomea uzamili nikiwa na miaka arobaini na sita. Darasani tulikuwa tisa, na wanane wangeweza kuwa watoto wangu. Siku ya kwanza kijana mmoja alinipisha kiti kwa heshima zote, akaniuliza, "Mathe, mtoto wako ni nani tumwite?" Alidhani nimekuja kumtafuta mtu. Nikamwambia, "Mtoto ni mimi." Haki ya Mungu, alitaka ardhi immeze. Baadaye huyo huyo ndiye aliyenifundisha kuchora ramani kwenye kompyuta, na mimi nikamfundisha kushika mwiko bila kuchimba kama anapanda viazi.

Nilitaka shahada ile kupita kiasi. Kazini nilikuwa naandika ripoti, wenye shahada wanaweka sahihi zao juu yangu. Nilichoka. Nikajiambia, nitaandika tasnifu ambayo watu wa Nairobi wataisoma wakiwa wamesimama.

Mada yangu ilikuwa marundo ya mawe ya Hadado, kule Wajir. Wenyeji huyaita taalo. Ni mawe yaliyolundikwa juu ya makaburi ya watu wa kale, na mengine hakuna anayejua yaliwekwa na nani. Niliyahesabu kumi na moja, nikayapa namba. La saba lilikuwa kubwa kuliko yote, kando ya njia ya zamani ya ngamia inayoelekea upande wa Diff, mpakani.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja mfugaji, Dubow. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, kama wanavyoitwa wazee kule, na yeye akaniita abaayo, dada. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, p inakuwa b, v inakuwa f, na mawe yote ni "hii mawe". Lakini alikuwa na jicho. Mimi nilihitaji kifaa cha setilaiti kujua niliko, yeye alihitaji mti mmoja tu. Siku ya kwanza aliniangalia nikipiga vigingi, nikifunga kamba, nikifungua daftari, akaketi kivulini akasema, "Abaayo, hii kazi yako ni kama ya karani wa mawe." Nikacheka. Akasema, "Mimi sicheki. Karani ni kazi fizuri."

Sasa sikilizeni jinsi ya kupima kimo cha rundo, maana siku hizi mnarusha vile vindege vya kamera na hamjui tena kutumia kamba. Unasimamisha mti ulionyooka kando yake. Unavuta kamba kutoka kileleni hadi kwenye mti ule. Unaweka pima maji kwenye kamba ilale sawasawa, halafu unasoma kwa futi, ule utepe wa kupimia, kutoka kwenye kamba hadi chini, palepale ulipopiga kigingi cha chuma ili kesho urudi mahali hapohapo. Unapima mara tatu. Ukipima mara moja, hujapima.

Basi rundo la saba nililipima wiki ya kwanza, mita moja na sentimita hamsini na tisa. Baada ya mwezi nikarudia, sitini na moja. Mwisho wa msimu, sitini na tatu. Marundo mengine kumi hayakusogea hata nukta. Nilikasirika. Nikakagua kigingi, kiko sawa. Nikabadilisha kamba. Nikamlaumu kibarua kwamba anashika mti umelala. Mwishowe nikaandika kwenye rasimu yangu, kwa lugha nzito ya kisomi, kwamba futi yangu ya kitambaa ilirefushwa na joto kali la Hadado.

Msimamizi wangu, profesa wa maneno machache, alinirudishia karatasi ikiwa na mstari mmoja mwekundu: "Futi ikirefuka, kipimo hupungua. Chako kinaongezeka. Eleza."

Nilikaa na mstari ule siku tatu. Ni kweli kabisa, futi ikirefuka nambari zake huachana, kwa hiyo kitu kinaonekana kifupi. Mtoto wa darasa la nane angejua. Mngefanya nini? Mimi nilifanya kile wanafunzi wengi hufanya. Nikachukua zile nambari tatu, nikatafuta wastani, nikaandika pembeni "kosa la kipimo, sentimita nne", nikaendelea na maisha.

Na wakati huo wote Adeer Dubow alikuwa akitembea nami kila siku kupita pale. Nilimwona kwa macho yangu akiinama. Anainama, anainuka, anazunguka upande wa pili wa rundo, kisha anakuja. Nilidhani mgongo unamsumbua. Nilimletea hata dawa ya kuchua kutoka Garissa, akaipokea kwa shukrani nyingi na kumpaka ngamia.

Profesa alitaka umri wa marundo. Bila tarehe, alisema, hii ni orodha tu, si tasnifu. Ili upate tarehe lazima ufungue rundo moja, ufike chini, upate mkaa au mfupa wa kupeleka maabara. Nikaomba kibali, kikatoka. Fomu ilikuwa na nafasi ya "mwenye eneo", nikaandika jina la kaunti kwa mwandiko mzuri. Kibali kilipofika ulikuwa ukame, na Dubow alikuwa amehamisha ngamia wake kufuata malisho upande wa Diff. Vibarua wa Hadado nilipowaambia tunafungua la saba, mmoja alisema ana harusi, mwingine mama yake anaumwa. Nilijua kuna jambo. Nawaambia wazi, nilijua, na sikuuliza, kwa sababu ningeuliza ningejibiwa. Nikatoa vibarua wawili Garissa, watu wa bara kama mimi, tukaanza.

Kazi tuliifanya vizuri, hilo siwezi kujinyima. Kila jiwe tuliliandika namba kwa chaki, tukalipiga picha na kulichora kabla ya kulitoa, tukayapanga kwenye turubai kwa safu. Mawe ya juu yalikuwa madogo, ya kushikika kwa mkono mmoja, ya rangi tofauti tofauti, kama yaliyookotwa kila moja mahali pake. Hata hilo halikuniambia kitu. Siku ya tisa tukafika chini. Tukachekecha mchanga wote. Hakuna mfupa, hakuna shanga, hakuna hata kigae. Kulikuwa na mkaa kidogo tu, wa moto wa chai, nilioufunga kwenye karatasi ya aluminiamu. Kaburi tupu.

Siku ya kumi Adeer Dubow akarudi.

Nilimwona akija kwa mbali, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Akafika ukingoni mwa shimo. Mawe yote yako kwenye turubai, mia nne na kitu, kila moja na namba yake nyeupe. Nilijiandaa kutukanwa, na nilikuwa na kibali mfukoni, nikakishika.

Akaangalia chini ya shimo muda mrefu. Kisha akaniuliza taratibu, "Umemkuta?"

Nikasema, "Nani, adeer?"

"Ndugu yangu. Nuur. Umemkuta?"

Hapo ndipo nilipoelezwa, nimesimama na mwiko mkononi. Wangali vijana, Nuur alipeleka ngamia upande wa Diff kwa njia ile. Waliagana pale pale, Dubow akarudi kwa mama yao. Ngamia wawili walirudi peke yao baada ya miezi. Nuur hakurudi. Hakuna mtu aliyeuona mwili wake, hakuna aliyejua alikolala. Mama yao akaweka mawe matatu pale walipoagana. Tangu siku hiyo kila mtu wa ukoo akipita anaokota jiwe, anaweka, anamwombea, anaendelea. Masheikh wa mjini hawalipendi jambo hilo, Dubow mwenyewe aliniambia. "Lakini mama aliweka," akasema. "Mimi nitakataa mama?"

Nikamwambia, "Adeer, chini hakuna mtu."

"Najua hakuna mtu," akasema. "Mimi najua kutoka zamani. Lakini nimeona umetoa mawe yote, wewe msomi, na fitu fyako fyote. Nikasema labda." Akaketi chini kwenye mchanga na kujifunika uso kwa shuka lake.

Nimewahi kuaibika maishani, lakini si namna ile. Kumbe lile kosa la kipimo lilikuwa watu. Sentimita nne zile zilikuwa mzee huyu akiinama kila asubuhi mbele ya macho yangu, pamoja na wachungaji, na wanawake waliokuwa wakienda kisimani. Mimi nimewatafutia wastani.

Nikamwambia nitayarudisha, jiwe kwa jiwe. Akafunua uso, akauliza, "Unajua mahali ya kila moja?" Nikamwonyesha daftari. Akageuza kurasa moja moja, michoro yote ile ya usiku na mchana, kama anayesoma, na kusoma hajui. Akasema, "Karani wa mawe. Haya, andika kinyume." Tukafanya kazi siku kumi na mbili. Vibarua waliniomba ruhusa wakarudi Garissa, tukabaki mimi na yeye. Nilikuwa nikitaja namba, yeye analipata jiwe, analifuta chaki kwa ncha ya shuka, ananipa.

Jiwe la mwisho lilipokaa, nikapima. Sitini na tatu. Nikainama nikaokota jiwe pembeni, nataka kuongeza la kwangu. Alinishika mkono. "Habana, abaayo. Wewe umerudisha ile ulitoa. Basi." Nikalidondosha.

Ule mkaa wa chai niliumwaga. Sura nzima ya tasnifu nikaitoa. Profesa alipouliza liko wapi rundo la saba, nikasema si la kale, ni la mtu, na mahali lilipo sitaandika. Hakunifukuza. Aliniambia tu, "Basi rudi uwanjani." Nikarudi uwanjani mwaka mmoja na nusu zaidi, kwa marundo yale mengine, safari hii naulizia kila moja kwanza, nyumba kwa nyumba, chai kwa chai. Wenzangu wote wanane walihitimu bila mimi. Siku yangu ilipofika nilivaa joho, nikapigwa picha na mpiga picha asiyenijua, nikapanda basi la Garissa. Sahihi yangu haikuwekwa juu ya sahihi ya mtu yeyote, wala tasnifu yangu hakuna aliyeisoma akiwa amesimama. Lakini ni ya kweli, yote.

Kuanzia hapo Dubow akawa ananipigia simu. Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Maneno ni yale yale: salamu, mvua, ngamia, halafu, "Abaayo, imefika ngabi?" Kila nilipopata safari ya kazi ya Wajir nilipita kupima, nikampa jibu. Sitini na sita. Sitini na nane. Sabini na moja. Alikuwa akicheka kwa furaha kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amepita mtihani. Kisha akisema, "Watu bado wanabita." Miaka mingi hiyo ndiyo simu pekee niliyokuwa na hakika nayo kwa wiki. Ijumaa nilikuwa nakula chakula mapema nisije nikapokea mdomo umejaa.

Kisha nikastaafu, na safari zikaisha. Macho yake yakaharibika, simu zikapungua. Juzijuzi mjukuu wake, Hodan, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyepiga. "Eeddo," akaniita, yaani shangazi, "awoowe, babu yangu, anakuulizia. Anasema karani aje apime." Nikamkodi dereva nikaenda.

Nilipitia kwenye rundo kwanza. Wanangu, barabara mpya inapita mbali, na njia ile ya ngamia imeota miiba. Vijana wanasafirisha mifugo kwa malori. Upande mmoja mawe yameporomoka, mengine yamebebwa, nadhani na watu wanaojenga. Nikasimamisha mti, nikavuta kamba, nikaweka pima maji. Nikapima mara tatu. Mita moja na arobaini na nane.

Dubow alikuwa amelala mkekani, amekonda, macho meupe. Alinitambua kwa hatua. Hata chai haijaja akauliza, "Imefika ngabi?"

Na mimi, niliyemliza mtu kwa sentimita mbili, nikasema, "Sabini na nne, adeer."

Akacheka. Hodan, aliyekuwa mlangoni na birika, alinitazama nikajua anajua, akainamisha macho akamimina chai.

"Watu bado wanabita," akasema.

"Wanapita, adeer."

Kisha akasema, "Na yako iko?"

"Yangu gani?"

"Jiwe yako."

"Si ulinikataza?"

"Nilikataza siku ile!" Akajaribu kuinuka kwa hasira. "Abaayo, ni miaka ngabi hii? Unabima, unabima, na jiwe hujaweka? Wewe msomi wa namna gani?"

Nililia, sitawaficha. Nilikuwa nimepita pale miaka yote hiyo na mikono mitupu kwa adabu, kumbe mlango ulikuwa wazi.

Kesho yake asubuhi nilirudi kwenye rundo. Dereva alitaka kunisaidia nikamkataza, akabaki kwenye gari akiniangalia kama mwenda wazimu. Mawe ya karibu yamekwisha, ilibidi niyafuate mpaka kwenye korongo kavu. Niliyabeba kwa kanga, mawili, matatu kila safari. Kwa goti hili langu. Nilianza jua halijapanda, nikamaliza karibu na alasiri. Nikapima mara tatu, na mara zote tatu futi ilisoma mita moja na sentimita sabini na nne. Nikaketi nikanywa maji. Kisha nikaenda tena korongoni, nikachagua jiwe moja, jekundu, nikaliweka juu kabisa. Nikamwombea Nuur kwa maneno ya kwetu, kwa kuwa ya kwao siyajui vizuri. Nikapima tena, sabini na tisa.

Nikarudi Garissa bila kupita kwake, nilitaka aniulize mwenyewe kwa simu, na Ijumaa nikasubiri. Simu haikulia. Nikapiga mwenyewe nimwambie imeongezeka, na safari hii bila uongo. Akapokea Hodan. Walikuwa wamemzika Jumatano.

Basi, wanangu, mtakwenda Hadado mwaka huu na vindege vyenu. Marundo kumi yameandikwa, yamo kwenye ramani. La saba hamtalikuta kwenye ramani, mwulizeni Hodan awaonyeshe, na kabla ya kufungua begi mwulizeni pia habari za babu yake. Mpime vizuri, mara tatu. Mkikuta zaidi ya sabini na tisa, msiandike kosa la kipimo. Namba yangu Hodan anayo. Ijumaa baada ya adhuhuri niko nyumbani, simu iko mezani. Nipigieni mniambie imefika ngapi.